Kengele ya Benchi la Nyuma

Chuoni, chumba namba tisa
Jumanne, 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na ile cherehani haijaanza tena kula uzi. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachechemea. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zetu zimefungiwa ofisini mpaka likizo. Mkuu wa chuo anasema tumezoea kutazama viganja, tukipanda mimbarini hatujui pa kuweka macho.

Unajua mwaka jana nilirudishwa kukariri mwaka kwa ajili ya somo moja tu, Mahubiri. Nikianguka tena hakuna kukariri. Nafunga sanduku narudi nyumbani bila kibali cha kuhubiri, na wewe utawaeleza watu wa kanisani nilikuwa nafanya nini huku miaka yote hii.

Mwalimu ni yule yule mzee. Tunamwita Kengele. Anakaa benchi la nyuma kabisa la kanisa dogo la chuo, na kwenye mkono wa benchi amefunga kengele ya baiskeli. Sauti ikikushuka, anapiga. Mkono ukiingia mfukoni, anapiga. Lakini anapoipiga kwa hasira ni pale unaposema kitu usichokijua. "Umekiona kwa macho yako?" anauliza. Wiki iliyopita nilisema ziwa lilichafuka na mitume wakaogopa, akanipigia mara tatu mfululizo.

Leo ilikuwa zamu yangu. Dakika ya pili nikakwama. Wenzangu wanatazama viatu vyao kwa kunionea haya. Sijui ilitoka wapi, nikaiacha karatasi nikasema, "Mama yangu kabla hajakata roho alimshika dada yangu mkono akamwambia: Mwambie Kasuku wangu ahubiri." Dada, hakuna kengele. Nikaendelea mpaka mwisho na kengele haikulia. Mwanzo wa chuo mpaka leo haijawahi kunitokea.

Nilipomaliza akaniita. "Ulikuwepo?" Nikasema hapana, nilikuwa shule ya bweni, nikiwa na miaka kumi na mitatu, dada ndiye aliyekuwepo. Akasema, "Basi mwandikie dada akupe macho yake."

Kwa hiyo nakuomba. Dirisha lilikuwa wazi au limefungwa? Blanketi rangi gani? Alikushika mkono upi? Sauti yake ilikuwaje? Mahubiri ya mwisho, yale ya kupewa kibali, ni Jumamosi ya mwisho ya Julai. Nina hadithi hii moja tu.

Mdogo wako,
Kasuku

*

Nyumbani
Jumamosi, 14 Februari

Kasuku,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, na cherehani imeacha kula uzi, sasa inakula sindano.

Nimefurahi kwamba mzee wa kengele amekupa nafasi ya kupumua. Lakini Biblia nzima, kurasa zote zile, umekosa hadithi mpaka uje kuchukua ya nyumbani? Mtu alimezwa na samaki akatapikwa mzima. Hiyo nayo haitoshi?

Basi. Dirisha lilikuwa wazi. Blanketi la kijani. Mkono wa kulia. Sauti ndogo, lakini ilisikika. Hayo yanatosha, usiyavute sana.

Joho lako la kuhitimu nitalishona mwenyewe, sitaki kusikia habari ya kuazima. Nipimie mabega kwa uzi, ufunge fundo mwanzo na fundo mwisho, uniwekee kwenye bahasha. Futi ya kanda usiiguse, nakujua, utasoma upande wa inchi ukadhani ni sentimita.

Kuna mama mmoja wa kwaya amelala hospitali na hataamka. Mimi ndiye ninayekaa naye asubuhi. Kanisani wakisikia mtu yuko taabani wanasema, mwiteni yule fundi, aliyemshika mama yake mpaka dakika ya mwisho. Ndiyo kazi yangu siku hizi, nusu cherehani, nusu vitanda vya watu.

Dada yako

*

Chuoni
Jumatatu, 2 Machi

Dada,

Shikamoo. Uzi huu hapa. Fundo moja bega la kushoto, fundo la pili bega la kulia. Nilipimwa na mwenzangu wa chumbani, ambaye kabla ya wito alikuwa fundi seremala, kwa hiyo ukiona joho limekaa kama kabati ujue ni yeye.

Dirisha lako limefanya kazi. Nilisimama, nikavuta pumzi tumboni kama tunavyofundishwa, nikahesabu tatu kimoyomoyo kabla ya neno la kwanza. Nikasema, "Dirisha lilikuwa wazi." Basi. Wote wakainua vichwa. Nilipofika kwenye blanketi la kijani, msichana wa mstari wa pili alikuwa anafuta macho. Mimi, ambaye mwaka jana walikuwa wananisikiliza kwa huruma!

Sasa asubuhi nafanya mazoezi kwenye kamba za kufulia. Mashuka yakianikwa yanakuwa waumini. Nimeweka penseli kati ya meno nasema, "Mwambie Kasuku wangu ahubiri," mara hamsini, mpaka ulimi ulainike. Mpishi wa chuo ananiita mchungaji wa mashuka.

Lakini Kengele anataka zaidi. Anasema kuna pengo. Mama alisema nini kabla ya hapo? Wewe ulimjibu nini? Ilikuwa saa ngapi? Je, alitabasamu? Andika hata kama ni kidogo, na ukumbuke vizuri, tafadhali. Anasema ukweli wote uko kwenye vitu vidogo.

Kasuku wako

*

Nyumbani
Ijumaa, 20 Machi

Mdogo wangu,

Mabega yamekuwa mapana. Nilidhani umefunga fundo vibaya, nikapima uzi mara tatu. Ulipoondoka hapa ulikuwa na mabega ya hanga la nguo.

Mama wa kwaya amefariki Jumanne. Nilikuwepo. Hakusema neno. Watu wengi hawasemi, Kasuku, nimekaa nao wengi sasa. Wanapumua, halafu hawapumui.

Unauliza habari za mama. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliomba maji kwanza. Nikampa. Akavuta lile blanketi la buluu mpaka kidevuni, akasema neno lako. Nikamjibu, nitamwambia. Hakutabasamu.

Sasa nakuomba kitu na mimi. Iache hii hadithi. Tafuta nyingine. Hata ile ya ulipopotea sokoni ukakutwa umelala juu ya magunia, watu watacheka, watakupenda. Ya mama iache ilale. Usiniulize kwa nini.

Dada yako

*

Chuoni
Alhamisi, 9 Aprili

Dada,

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima kabla ya kujibu, maana ilinichoma.

Kwanza, barua ya Februari ulisema blanketi la kijani. Hii ya Machi ni buluu. Nilisimama nikasema buluu, na Kengele akapiga mpaka nikashuka mimbarini. "Juzi kijani, leo buluu. Ulikiona au hukukiona?" Wenzangu wakacheka. Mimi najua ni machungu yanakuchanganya, sikulaumu. Ila nisaidie.

Pili, unasema niiache. Dada, mimi niko hapa kwa sababu ya neno lile. Sikuota ndoto, sikuona mwanga barabarani. Wenzangu wakiulizwa habari ya wito wana mambo makubwa ya kusimulia. Mimi nina mama aliyekufa akinitaja. Ukiniondolea hilo nabaki na nini cha kuwaambia watu? Nihubiri magunia?

Nitasema linaloniuma, unisamehe. Nimeanza kufikiri kwamba hutaki nifaulu. Kwamba ukinifikiria mimi mchungaji, mbali, kwenye nyumba ya kanisa, unaona utabaki peke yako na cherehani. Au unaona hadithi ni yako, maana wewe ndiye ulikuwepo na mimi sikuwepo. Kama ni hivyo, niambie waziwazi.

Kasuku

*

Nyumbani
Jumanne, 28 Aprili

Kijani. Sema kijani.

Na kuhusu hayo mengine, siku ukiwa na mtu wa kumlea utajua nilivyojisikia kusoma.

Dada yako

*

Chuoni
Jumapili, 31 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa ya Aprili. Niliandika kwa hasira nikaituma kabla haijapoa.

Nina habari ya kukufanya uimbe. Nimechaguliwa! Katika wanafunzi kumi na wanane, siku ya kuhitimu mahubiri makuu ni yangu. Watakuja wachungaji wa kila upande, na wale wanaotoa vibali watakaa mstari wa mbele. Kengele alisema mbele ya darasa, "Huyu alikuwa bubu kwangu mwaka jana."

Na ana wazo zuri sana. Anataka uje ukae mbele, umevaa vazi la kwaya. Nikifika pale mama anapokushika mkono, nishuke mimbarini, nije nikushike mkono huo huo, wa kulia, nikuinue usimame watu wakuone. Halafu niseme neno la mama nikiwa nimekushika. Tumelifanyia mazoezi na seremala akiwa ndiye wewe. Hata yeye alilia, na ni mtu mgumu yule.

Uje na joho, nilivalie huko huko. Sema utakuja.

Kasuku wako

*

Nyumbani
Alhamisi, 18 Juni

Kasuku, mdogo wangu,

Nimechana karatasi nne. Hii ya tano sitaichana.

Siwezi kuja kusimama nikashikwa mkono huo. Mama hakuushika. Mama alikufa peke yake.

Asubuhi ile zilikuwa zimebaki sare sita za kwaya, za Jumapili ya sherehe, na walikuwa wananisumbua. Mama alikuwa amelala kimya. Sauti yake ilikuwa imekatika siku nne kabla, hata maji alikuwa anaomba kwa kidole. Nikamwambia, narudi sasa hivi. Nikaenda kibandani kushona. Nilisema nishone moja. Nikashona zote sita, kwa sababu kule kulikuwa na watu wanapita, wanasalimia, na ndani mle kulikuwa na harufu ya dawa na mimi nilikuwa nimechoka. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Niliporudi saa nne alikuwa ameshakuwa baridi, amegeukia ukutani. Nikafunga mlango nikakaa naye kidogo, halafu nikafungua nikapiga kelele. Waliokuja walinikuta nimemshika mkono. Wakasema wenyewe kwamba nilikuwa naye. Mimi sikukataa.

Neno lako lilikuja baadaye. Mama wa mlango wa pili alikwenda kukuchukua shuleni. Ulikuja na sanduku lako la bati ukasimama mlangoni. Hukulia, hukusema. Wewe uliyekuwa unaongea mpaka mama anakuomba msamaha ili alale! Siku tisa, Kasuku. Chakula hukitaki, jina lako hulisikii. Watu walianza kuniambia nikupeleke kwa daktari wa vichwa. Siku ya kumi nilikukuta umekaa nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo, nikaogopa kwamba nimewapoteza wote wawili. Nikasema, mama amekuachia neno. Ukageuza shingo. Na mimi sikuwa na neno lolote. Nikatazama juu, kwenye kamba pameanikwa joho la mchungaji, nilikuwa nimelipinda upindo. Nikasema, amesema uhubiri.

Ukasema, "Kweli, dada?" Ndiyo sauti yako ya kwanza. Ningekuwa nimeanika koti la daktari, leo ungekuwa unachoma watu sindano.

Nilidhani utasahau ukikua. Hukusahau. Ukaja ukafika mahali ambapo siwezi kukuondolea bila kukuangusha, na kila ukiuliza dirisha nakupa dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa. Blanketi sikumbuki. Kweli kabisa sikumbuki.

Fanya unachoona. Ukinichukia nitajua ni haki yangu.

Dada yako

*

Nyumbani
Alhamisi, 9 Julai

Kasuku,

Wiki tatu hujajibu. Najua barua ilifika, posta wameniambia mwenzako seremala aliisaini kwenye kitabu chao.

Joho namkabidhi dereva wa mchungaji, anakuja huko. Nimeacha inchi mbili ndani ya upindo, ukiona fupi lishushe. Sitakuja. Waambie naumwa.

Jibu hata neno moja.

Dada yako

*

Chuo, Idara ya Mahubiri
Jumatano, 29 Julai

Kwa dada wa mwanafunzi wetu,

Salamu katika Bwana. Mimi ndiye mwalimu wa mdogo wako, mzee wa kengele, najua wananiitaje. Nasikitika kwamba ulikuwa mgonjwa siku ya mahafali. Naandika kwa sababu kuna jambo nisingependa ulisikie kwa watu wengine kabla yangu.

Mdogo wako hakuhubiri mahubiri tuliyoyafanyia mazoezi. Alisimama kimya muda mrefu, zaidi ya hesabu yoyote niliyomfundisha, mpaka nikashika kengele. Kisha akasema kwamba ametudanganya sote, na wewe pia. Alisema siku mama yenu alipofariki yeye hakuwa shule. Alikuwa amerudi nyumbani, na wewe ukiwa kazini ulimwachia mama amwangalie. Akatoka kwenda kucheza mpira. Akasema "narudi sasa hivi," na hakurudi mpaka mama akawa baridi, amegeukia ukutani. Yale maneno ya mama aliyatunga mwenyewe akakuletea wewe, ili usimwulize alikuwa wapi. Na ile habari ya wewe kushikwa mkono, akasema, aliitunga ili ionekane kwamba mama hakufa peke yake.

Nimefundisha kazi hii tangu nywele zikiwa nyeusi. Sijawahi kusikia mtu akijivua nguo mbele ya watu namna ile. Hakuna jicho lililobaki kavu. Sikuigusa kengele. Wenye kutoa vibali walitoka nje, hawakuchukua dakika kumi, wakarudi wakampa. Tumeamua mwaka huu azunguke makanisani na ushuhuda huo huo, maana wengi wanaugulia mambo yaliyofichwa.

Najua habari hii inakuumiza. Miaka kumi na mmoja umebeba maneno ambayo mama hakuyasema, ukiamini. Nakuomba, dada, umsamehe mdogo wako.

Mwalimu wa Mahubiri

*

Nyumbani
Jumamosi, 8 Agosti

Kasuku,

Mwalimu wako ameniomba nikusamehe. Nilisoma nikicheka, halafu nikashindwa kuacha, mteja akaniuliza kama naumwa.

Nilikuandikia mambo ambayo sijamwambia mtu. Nikangoja jibu, nikisikia hatua nje nadhani ni posta. Nilikuwa tayari kutukanwa. Wewe umekaa na barua yangu chumbani ukaifanyia mazoezi na penseli mdomoni kama zile za dirisha. "Narudi sasa hivi" ni maneno yangu. "Amegeukia ukutani" ni macho yangu. Umechukua hata kosa langu, ukalivaa na joho nililokushonea, na watu wakakupa kibali.

Mimi sasa nifanye nini? Nikisema nilimwacha mama, wataniambia, hapana, maskini, ni mdogo wako, amekiri mwenyewe. Umenifungia mlango mimi niko nje.

Nijibu safari hii.

Dada yako

*

Nyumba ya wageni ya kanisa
Alhamisi, 20 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sina uso wa kuandika hata hiyo shikamoo, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Barua yako ya Juni niliisoma nikaenda kukaa chini ya mashuka kwenye kamba za kufulia. Sikukuchukia. Nilitafuta chuki siku nyingi, sikuipata. Niliogopa. Nilijiuliza, kama mama hakusema, ni nani anayeongea nikiongea? Ndiyo maana sikujibu. Sikuwa na neno.

Siku ile nilipanda nikiwa nimeamua kusema ukweli wote, bila kukutaja sana. Nikafungua mdomo. Nilipofika mahali pa kusema "dada yangu alimwacha," akilini nikakuona mlangoni na sare za kwaya begani, mdomo ukakataa. Nikasema "mimi." Nilitaka kukusitiri, Mungu anajua. Lakini sitakudanganya. Nilipotamka "mimi" nikaona mstari wa mbele wote wameegemea kunisikiliza. Na baada ya hapo sikuwa nakusitiri tena, nilikuwa nahubiri. Mpira niliutunga pale pale. Nilijua hasa ninyamaze wapi. Na mzee aliyenipigia kwa ajili ya rangi ya blanketi, hili hakulipigia.

Sasa wananizungusha. Nimeshasema makanisa matatu. Kila mara nalia pale pale, na machozi ni ya kweli, ndiyo yanayonitisha.

Jumapili ya pili ya Oktoba wamenipangia huko nyumbani. Mama wa mlango wa pili bado yupo? Ndiye aliyenichukua shuleni. Nifanyeje, dada? Niseme naumwa?

Mdogo wako

*

Nyumbani
Jumatano, 30 Septemba

Kasuku,

Yupo. Anakaa benchi la tatu, masikio yake mazima kuliko yangu.

Usiseme unaumwa. Njoo. Nimeshamaliza.

Jumapili mchungaji alitangaza kuja kwako, akasema utatoa ushuhuda mzito kuhusu mama yenu. Watu wakageuka kunitazama na macho yale wanayonipa siku zote. Nikasimama. Sikuvuta pumzi tumboni wala sikuhesabu tatu. Mikono sikujua pa kuiweka, nikaishika ile futi ya kanda, nilikuwa nimeisahau shingoni. Nikasema, "Mdogo wangu alikuwa shule. Mimi ndiye niliyemwacha mama. Alikufa peke yake. Hakusema neno."

Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema, "Hatukusikia huku. Sema kwa sauti."

Ikabidi niseme tena, Kasuku. Yote, tangu mwanzo, kwa sauti. Mara ya kwanza ilinitoka yenyewe. Ya pili niliisema nikijua kila neno linakwenda wapi.

Hakuna aliyelia. Watu walitazama vitabu vya nyimbo. Mama wa mlango wa pili alitoka kabla ya baraka na tangu siku hiyo hajanisalimia. Juzi viongozi wa kina mama walikuja, wapole sana, wakasema nipumzike kidogo na wagonjwa. Kuna mzee wa watu amelala hospitali anayenitaka mimi, na wamempelekea mwingine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilianza kwa uongo, lakini wale niliwashika kweli.

Kwa hiyo ukija hakuna wa kumficha. Ukisimama na ule mpira wako watajua. Kibali ni jambo lako na mwalimu wako, hilo mtajuana. Chumba chako nimekifagia. Mimi nitakaa nyuma.

Kuna jambo moja sikukuandikia mwezi wa sita. Nilipoingia, mguu mmoja wa mama ulikuwa umevaa kandambili. Ya pili ilikuwa karibu na mlango. Mtu aliyekuwa hajainuka siku nne. Sijui alikuwa anakwenda wapi. Labda chooni tu. Labda alikuwa ananifuata. Nilimvua kabla sijafungua mlango, hakuna mwingine aliyeiona, na iko hapa chini ya cherehani mpaka leo, nikikanyaga pedali naigusa.

Nimekupa dirisha, blanketi, maji na maneno. Hii niachie. Usiihubiri.

Dada yako